Mgombea Mwenza Achaguliwe kama Rais

Kila Chama kinapokaa kumteua mgombea wa Urais, wanachama wa matawi yetu hulizungumza jina la kwanza kwa miezi mingi, na jina la pili hulipokea kwa makofi ya dakika moja. Ndivyo ilivyo hapa Nyasubi na katika kata nyingine za Kahama, na ndivyo ilivyo Geita na Chato. Mwanachama asiyekosa mkutano hata mmoja atakueleza kwa kirefu kwa nini alimtaka fulani awe Rais na kwa nini hakumtaka fulani. Ukimwuliza alimpima kwa kipimo gani yule mwenziwe, atakujibu kwamba ni mtu wa Zanzibar, au ni mwanamke, au ni mpole, basi. Sisi twasema kwamba jibu hilo halitoshi. Katika nchi hii, na hasa katika mkoa huu wa Shinyanga na ule wa jirani, hakuna mtu mwenye haki ya kuridhika nalo tena baada ya yaliyotokea tarehe 17 Machi 2021.

Yafaa tukumbushane kwanza cheo hiki kilitoka wapi, maana vijana wengi hudhani kwamba kimekuwapo tangu Uhuru. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri mpya. Kwa miaka thelathini iliyofuata, Rais wa Zanzibar aliendelea kuwa mmoja wa Makamu wa Rais wa Muungano kwa sababu ya kiti chake cha Unguja, wala hakuhitaji kuteuliwa na mgombea yeyote wa Bara. Utaratibu huo uliwezekana kwa kuwa kila upande ulikuwa na chama kimoja, na tangu tarehe 5 Februari 1977 chama kilikuwa kimoja pande zote mbili. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, ilionekana mara moja kwamba huenda siku moja Rais wa Muungano akawa wa chama hiki na Rais wa Zanzibar akawa wa chama kile, na wote wawili wakatakiwa kuiongoza serikali moja. Ndipo Katiba ikabadilishwa mwaka 1994, na uchaguzi wa mwaka 1995 ukawa wa kwanza ambamo mpiga kura aliwachagua watu wawili kwa alama moja: Benjamin Mkapa na Dakta Omar Ali Juma. Wako wengi Visiwani ambao hawakuyapenda mabadiliko hayo, na hoja yao haikuwa ya kijinga, lakini hilo lina siku yake. Linalotuhusu leo ni kwamba kazi ya kumpata Makamu wa Rais iliwekwa mikononi mwa chama. Chama kikikosea, hakina wa kumsingizia.

Na Katiba haikulifanya jambo hili kuwa dogo. Ibara ya 47 yasema kwamba Makamu wa Rais atachaguliwa pamoja na Rais katika uchaguzi ule ule, baada ya kupendekezwa na chama chake, na kwamba Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili. Ibara ya 37 yasema kwamba Rais akifariki, au akijiuzulu, au kiti chake kikiwa wazi kwa sababu nyingine zilizotajwa humo, Makamu ataapishwa kuwa Rais kwa muda wote uliobaki wa miaka mitano. Hakuna uchaguzi mwingine. Hakuna kuwaita wajumbe warudi Dodoma waulizwe upya. Jina lile lililopita kwa makofi ndilo litakalokula kiapo.

Tumekwisha kuonywa mara kadha. Tarehe 4 Julai 2001 Dakta Omar Ali Juma alifariki akiwa kazini, na nafasi yake ikachukuliwa na Dakta Ali Mohamed Shein, ambaye wananchi hawakuwa wamempigia kura kwa cheo hicho. Mwaka 2005 onyo lilikuwa kubwa zaidi, ingawa wengi wamelisahau. Uchaguzi ulikuwa umepangwa kufanyika tarehe 30 Oktoba. Siku chache kabla, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA aliyesimama pamoja na Freeman Mbowe, akafariki dunia. Zanzibar ilipiga kura zake siku ile kumchagua Rais wake, lakini uchaguzi wa Muungano ulisimama, ukaahirishwa hata tarehe 14 Desemba. Nchi nzima, yenye mamilioni ya wapiga kura na masanduku yaliyokwisha kutayarishwa, ilingoja kwa sababu ya kifo cha mtu ambaye watu wengi wa Bara walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza katika habari za msiba wake. Sheria ilimhesabu kuwa mtu mkubwa, na wananchi wakamhesabu kuwa kivuli. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa amekosea, wala haikuwa sheria.

Basi tuje Dodoma, Julai 2015. Kila mwanachama anaukumbuka mwaka ule. Makada zaidi ya 30 waliomba kuteuliwa. Walizunguka mikoani kutafuta wadhamini, magazeti yakawachambua, wazee wakawasema kwa wema na kwa ubaya. Kamati Kuu ikawapunguza wakabaki watano: Bernard Membe, January Makamba, John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Halmashauri Kuu ikawapunguza wakabaki watatu. Mkutano Mkuu ukapiga kura za siri, na Dakta Magufuli akashinda kwa asilimia 87. Hayo yote yalikuwa ni kutafuta jina la kwanza. Jina la pili, la Samia Suluhu Hassan, lilitangazwa siku hiyo hiyo ya tarehe 12 Julai, likashangiliwa, likapita. Wajumbe wakafunga mizigo.

Hatusemi kwamba jina lile lilikuwa baya. Mama huyu alikuwa amekwisha kuwa waziri Zanzibar, na waziri wa mambo ya Muungano, na Mbunge wa Makunduchi, tena Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, ambako kuongoza kikao hakukuwa kazi nyepesi. Tunasema kwamba sifa hizo sizo zilizozungumzwa. Yaliyozungumzwa, katika ukumbi na nje ya ukumbi, yalikuwa mawili tu: kwamba ni mwanamke, na kwamba anatoka Visiwani. Kama sifa zake nyingine zingekuwa hazipo, makofi yangekuwa yale yale.

Mwaka 2020 majina mawili yale yale yakarudi, na Rais Magufuli akaapishwa tarehe 5 Novemba. Miezi minne na siku chache baadaye alifariki. Watu wa ukanda huu hawahitaji kusimuliwa siku zile, maana aliyekufa alikuwa mwana wa Chato, na waliosimama kando ya barabara wakati mwili wake ukirudishwa nyumbani walikuwa ni sisi na jirani zetu. Tarehe 19 Machi Makamu wake aliapishwa. Sasa hebu mwanachama afanye hesabu. Katika muhula ule wa miaka mitano, yule ambaye Chama kilimpima kwa vikao vyake vyote alitawala kwa miezi minne, na yule aliyepokewa kwa makofi alitawala kwa zaidi ya miaka minne na nusu. Hatuwezi kupata hoja iliyo wazi kuliko hiyo.

Lakini tuiache hesabu ya miaka, tutazame mkate wa mfanyakazi. Mwaka 2017 serikali ilizuia mchanga wa dhahabu usisafirishwe nje, na Bunge likapitisha sheria mpya za mali asili. Bulyanhulu ikapunguza kazi zake, na wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani na barua mkononi. Nyumba za kupanga za Kakola na za Kahama mjini zikabaki wazi. Kisha Barrick ikaichukua kampuni ya Acacia mwaka 2019, na kampuni ya Twiga ikaanzishwa, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Wako waliosema kwamba vita hivyo vilikuwa vya haki, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Wako waliosema kwamba viliwaumiza wadogo kabla ya wakubwa, na hao nao walikuwa na mifano. Jambo moja halikubishaniwa na mtu: uamuzi ule ulikuwa wa Rais mwenyewe, nao ungeweza kutenguliwa na Rais mwingine. Basi Rais yule alipokufa, mfanyakazi wa mgodini aliuliza swali la haki kabisa: huyu anayekuja anaionaje dhahabu? Hakuna aliyeweza kumjibu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameuliza. Mgombea mwenza alizunguka mikoa akimnadi mwenziwe, kama ilivyo kazi yake, na anayemnadi mwenziwe haulizwi yaliyo yake. Twiga haikuvunjwa, nasi tukashukuru. Lakini mkate wa watu maelfu haukupaswa kukaa juu ya shukrani.

Wapo watakaotujibu kwamba mgombea mwenza huwekwa kwa ajili ya mizani: Bara na Visiwani, Mwislamu na Mkristo, mwanamume na mwanamke. Hatuidharau mizani. Ile ya pande mbili za Muungano imeandikwa katika Katiba, na nchi iliyokaa kwa amani kati ya jirani waliochinjana yafaa isiicheze. Walakini mizani ni mlango tu, nayo nyumba iko ndani. Ukikwisha kusema kwamba mtu lazima atoke Zanzibar, umebakiwa na Wazanzibari wengi, na ndipo kazi ya kuchagua inapoanza. Wengi wetu huiishia hapo. Sisi tuliosomeshwa na wamisionari tunakumbuka kwamba mitume walipotafuta mtu wa kuijaza nafasi ya Yuda, walitaka kwanza mtu aliyefuatana nao tangu mwanzo na kuyaona mambo yote kwa macho yake. Kura iliyomwangukia Mathiya ilipigwa baadaye, kati ya wawili waliokwisha kufaa. Tena hatuhitaji kwenda mbali hata huko Yerusalemu. Mchimbaji mdogo anaposhuka katika duara, juu hubaki mtu wa kushika kamba. Hatujamwona mchimbaji akimweka mtu kwenye kamba kwa kuwa ni wa ukoo fulani. Huitazama mikono yake.

Na wapo watakaotuambia, kwa methali, kwamba mchagua jembe si mkulima. Hao hawajawafuata wakulima wetu dukani. Mkulima wa mpunga wa Kahama haondoki na jembe kabla ya kuligonga na kulisikiliza.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya wale wasemao kwamba mgombea mwenza ni msaidizi wa mgombea, kwa hiyo amchague mwenyewe. Chama kikimwekea mtu asiyemtaka, wasema, Ikulu itakuwa na mafahali wawili. Tunaiheshimu hoja hii, lakini yaliyotokea kwa majirani hayaiungi mkono. Mwezi wa Mei 2022 huko Kenya, Raila Odinga alimchukua Martha Karua na William Ruto akamchukua Rigathi Gachagua, wote wawili kutoka Mlima Kenya, kwa kuwa huko ndiko kulikuwa na kura za kugombaniwa. Ruto alimtaja mtu wake mwenyewe, akashinda naye. Haikupita miaka mitatu. Tarehe 17 Oktoba 2024 Seneti ilimwondoa Gachagua katika cheo, na tarehe 1 Novemba Kithure Kindiki akaapishwa mahali pake. Aliyetafutwa kwa ajili ya kura za siku moja hakuwa ametafutwa kwa ajili ya kazi ya miaka mitano.

Malawi ilipata fundisho kali kuliko hilo. Bingu wa Mutharika alisimama mwaka 2009 pamoja na Joyce Banda, wakashinda. Wakagombana juu ya nani atakayemrithi Rais, na mwishoni mwa mwaka 2010 chama chao kikamfukuza Joyce Banda. Naye akaanzisha chama chake, huku bado akiwa Makamu wa Rais, kwa maana cheo alipewa na wapiga kura. Tarehe 5 Aprili 2012 Rais Mutharika akafa kwa maradhi ya moyo, na siku mbili baadaye mwanamke aliyefukuzwa chamani akaapishwa kuwa Rais. Chama kilichotawala kililala usiku kikiwa na serikali, kikaamka kikiwa upinzani, pasipo kura hata moja kupigwa. Wanachama wanaoona kwamba jina la pili ni jambo la mgombea peke yake na wafikirie habari hiyo kwa utulivu.

Wamarekani nao wana kisa cha namna yake. Mwaka 1944 wakuu wa chama cha Democratic walikutana Chicago wakijua, wengi wao, kwamba Rais Franklin Roosevelt ni mgonjwa. Kwa hiyo walijua kwamba wanachagua Rais. Wakamwacha Henry Wallace, aliyekuwa Makamu, wakamchukua Harry Truman, na Truman alikaa katika Umakamu siku 82 tu kabla ya Roosevelt kufariki. Hata hao waliochagua kwa macho wazi walisahau nusu ya kazi: Truman alikuwa hajaelezwa habari za bomu la atomiki, akazipata akiwa amekwisha kukalia kiti. Kumchagua mtu vizuri na kumficha mambo ya nchi ni sawa na kutomchagua.

Na sisi je, tumejifunza? Kidogo. Mkutano Mkuu Maalumu wa Januari 2025 ulimpitisha Rais Samia kuwa mgombea, na kwa kuwa Dakta Philip Mpango aliomba kupumzika, Dakta Emmanuel Nchimbi akatajwa kuwa mgombea mwenza. Wapo wanachama walionung'unika kwamba mambo yaliharakishwa, na manung'uniko hayo hayakupaswa kuitwa uasi. Lakini kwa habari ya jina la pili kulikuwa na faida moja: lilijulikana miezi tisa kabla ya uchaguzi, na mwenye jina alikuwa Katibu Mkuu wa Chama, ambaye matawi yalimjua kwa kazi. Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Oktoba 2025, ukafuatwa na ghasia na vifo ambavyo gazeti lolote litakaloviruka kimya litakuwa limejidharau. Twavitaja hapa tukijua kwamba vinastahili ukurasa wao. Dakta Nchimbi aliapishwa tarehe 3 Novemba.

Sasa mwaka 2030 unakuja, na Katiba ilivyo, Rais Samia hatagombea tena, maana Ibara ya 40 yasema kwamba aliyeurithi Urais kwa miaka mitatu au zaidi ataruhusiwa kugombea mara moja tu. Chama kitatafuta majina mawili upya. Sisi twataka jina la pili lipite katika njia ile ile ya jina la kwanza. Mgombea wa Urais abaki na haki ya kupendekeza, kwa kuwa hapana awezaye kufanya kazi na mtu aliyebandikwa juu yake. Lakini asipendekeze jina moja, apendekeze matatu, nayo Halmashauri Kuu iwahoji hao watatu juu ya mambo ya nchi kama inavyowahoji waombao Urais. Kisha Mkutano Mkuu upige kura ya siri. Kama mgombea aliwataja wote watatu kwa hiari yake, hatakuwa na sababu ya kulalamika kwamba amewekewa fahali wa pili. Na tangu siku ya kuteuliwa hata siku ya kupiga kura, mgombea mwenza apewe mikutano yake mwenyewe ya kuulizwa maswali. Aje Kahama aulizwe juu ya Buzwagi, mgodi uliokoma kuchimba dhahabu mwaka 2021, na vijana waliotegemea mshahara wake watafanya kazi gani. Aende Geita aulizwe juu ya wachimbaji wadogo na maeneo yao. Aulizwe juu ya bei ya pamba Shinyanga, na juu ya kima cha chini cha mshahara. Akijibu kwamba hayo yatajibiwa na mgombea wa Urais, wananchi watakuwa wamepata jibu.

Hakuna sheria ya nchi inayokataza utaratibu huu. Ni kanuni za Chama tu, na kanuni za Chama hubadilishwa na wanachama. Viongozi wa Chama walichaguliwa mwaka 2022, na uchaguzi mwingine wa ndani utakuwa mwaka 2027, kuanzia mashina hata taifa. Wajumbe watakaopatikana katika uchaguzi huo ndio watakaokaa ukumbini mwaka 2030. Atakayekuja Nyasubi, au Kakola, au Chato, kukuomba kura ya ujumbe wa Mkutano Mkuu, usimwulize anamtaka nani awe Rais, kwa maana atakudanganya. Mwulize atafanya nini jina la pili litakaposomwa.